UZI: Third Lanark ya Glasgow, mabingwa wa Uskoti 1904. Ilikufaje klabu ya mabao 100?

#1 — Mtunza Daftari

Wakuu, salaam. Glasgow iliwahi kuwa na klabu sita kwenye ligi kwa wakati mmoja: Celtic, Rangers, Partick Thistle, Clyde, Queen's Park na Third Lanark. Tano mnazisikia mpaka leo. Uzi huu ni wa hiyo ya sita.

Nianzie mwishoni, maana ndipo maswali yalipo. Tarehe 25 Aprili 1967 Third Lanark walikuwa nyumbani Cathkin Park, wakatoka sare 3-3 na Queen of the South mbele ya watazamaji 325. Siku tatu baadaye, tarehe 28, walikwenda Boghead kwa Dumbarton wakachapwa 5-1. Bao lao la kufutia machozi alilifunga kijana Drew Busby, ambaye baadaye alivuma akiwa Hearts ya Edinburgh. Hiyo ndiyo mechi ya mwisho. Msimu uliofuata ulipoanza, klabu haikuwepo.

Sasa rudini nyuma miaka kumi na mitatu tu. Mwaka 1954, uwanja huohuo wa Cathkin uliingiza watu 45,455 kwenye mechi ya Kombe la Uskoti dhidi ya Rangers. Gawanyeni wenyewe: ni karibu mara 140 ya wale 325.

Asili yake. Tarehe 30 Novemba 1872 Uskoti na England walicheza mechi ya kwanza ya kimataifa, pale Glasgow, sare 0-0. Wiki mbili hazijaisha, tarehe 12 Desemba 1872, askari wa kujitolea wa kikosi cha Third Lanarkshire Rifle Volunteers wakakutana na kuunda timu yao. Ndiyo maana ya jina: "tatu" ni namba ya kikosi, na "Lanark" ni kifupi cha Lanarkshire, jimbo ambalo Glasgow ilihesabiwa ndani yake. Kuna mji unaoitwa Lanark, uko mbali kusini-mashariki ya Glasgow, lakini klabu haihusiani nao. Ukiona mtu anaandika "timu ya mji wa Lanark", ujue amebahatisha. Jezi nyekundu nazo zimetoka kwenye sare ya kikosi.

Machi 1873 walikuwa miongoni mwa klabu zilizoanzisha Chama cha Soka cha Uskoti. Mwaka 1890 walikuwa miongoni mwa klabu 11 zilizoanzisha Ligi ya Uskoti. Kwa hiyo tunaongelea watu waliokuwepo msingi ulipochimbwa, mara mbili.

Makabati yao:
Kombe la Uskoti 1889 na 1905. Ubingwa wa ligi 1903-04. Walifika fainali ya Kombe na kupoteza 1876, 1878, 1906 na 1936. Fainali ya Kombe la Ligi, Oktoba 1959, walifungwa 2-1 na Hearts.

Mwaka 1903 ndio mwaka wao mkubwa. Walikata uhusiano na jeshi wakajiita Third Lanark Athletic Club, wakahamia uwanja mpya, na msimu huohuo wakatwaa ubingwa: mechi 26, pointi 43, Hearts wa pili na 39. Wakati huo ushindi ni pointi mbili.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili mnipinge vizuri. Third Lanark hawakuuawa na mpira mbovu. Mpira mbovu ulikuja baadaye, ukiwa dalili. Kilichowaua ni vitabu vya hesabu na thamani ya ardhi waliyokalia. Nitaleta takwimu.

#2 — Kipa wa Akiba

Mkuu, hiyo 1889 ndiyo ile Fainali ya Theluji? Naomba kueleweshwa, maana sehemu moja nasoma 3-0 na nyingine 2-1.

#3 — Mtunza Daftari

Ndiyo hiyo, na matokeo yote mawili ni ya kweli. Tarehe 2 Februari 1889, Third Lanark na Celtic, uwanja ukiwa umefunikwa na theluji. Celtic ilikuwa klabu changa kabisa, msimu wake kamili wa kwanza. Watu walishaingia na viingilio vimelipwa, hivyo mechi ikachezwa, lakini pande zote mbili zilishaweka pingamizi kwamba hali ya uwanja haifai kuamua kombe. Third Lanark wakashinda 3-0. Chama kikakubali pingamizi, mechi ikahesabiwa ya kirafiki, fainali ikarudiwa tarehe 9 Februari. Third Lanark wakashinda tena, 2-1. Kwenye orodha za mabingwa utaikuta 2-1 tu.

Jambo ambalo wengi hawaligundui: fainali hiyo ilichezwa Hampden Park. Lakini Hampden ipi?

#4 — Nyundo ya Seremala

Hapo kwenye "Hampden ipi" ndipo watu wengi huanguka, ngoja nipapange.

Queen's Park wamekuwa na viwanja vitatu mfululizo vyenye jina la Hampden, vyote kusini mwa Glasgow na karibukaribu.

Hampden ya kwanza ilitumika 1873 hadi karibu 1884. Waliihama kwa sababu reli ya Cathcart ilipangwa kupita kwenye tuta la magharibi la uwanja. Leo pale pana klabu ya "bowls", mchezo wa kuviringisha mipira kwenye nyasi, na ukutani wamechora ile mechi ya 1882 ambayo Uskoti iliifunga England 5-1. Kwenye timu ile alikuwemo Andrew Watson, mzaliwa wa Demerara huko Guyana, mtu mweusi wa kwanza kuchezea timu ya taifa. Mwaka mmoja kabla, 1881, aliingia kama nahodha wakaifunga England 6-1 kwao London. Nimetoka nje ya mada kidogo, ila anastahili.

Hampden ya pili, kuanzia 1884 hadi 1903. Hapa ndipo ilipochezwa Fainali ya Theluji.

Hampden ya tatu ni hii ya sasa, ilifunguliwa mwisho wa 1903.

Queen's Park walipohamia ya tatu, Third Lanark wakaichukua ya pili. Kabla ya hapo walikuwa Govanhill, kwenye uwanja ulioitwa Cathkin Park, na jina wakaja nalo: New Cathkin Park, baadaye "New" ikadondoka. Maana yake ni kwamba kombe la 1889 walilichukua kwenye ardhi ambayo miaka kumi na minne baadaye ikawa nyumba yao.

Kwa hiyo unaposoma gazeti la zamani, angalia mwaka kwanza. "Cathkin" kabla ya 1903 ni Govanhill, "Cathkin" baada ya hapo ni Hampden ya zamani. "Hampden" ya 1880, ya 1890 na ya 1910 ni sehemu tatu tofauti. Na kwenye majedwali ya mwanzo klabu yenyewe utaikuta kama "3rd L.R.V.", usidhani ni timu nyingine.

#5 — Binti Shaibu

Nyongeza kwa wapenda majina. Kipa wao Jimmy Brownlie ni wa kuandikwa kwa herufi kubwa. Aliidakia Uskoti mara 16 kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, zote akiwa mchezaji wa Third Lanark. Mwaka 1923 akaenda Dundee Hibernian kama meneja, na mwaka huohuo klabu ile ikabadili jina na kuwa Dundee United tunayoijua.

Mwaka 1923 huohuo Third Lanark walisafiri kwa meli mpaka Argentina na Uruguay kucheza mechi za ziara.

Baada ya Vita ya Pili, mtu wao alikuwa Jimmy Mason, mshambuliaji wa ndani, mfupi na fundi wa pasi. Uskoti ilipoifunga England 3-1 Wembley mwaka 1949, bao la kwanza ni lake. Halafu winga wa kushoto Ally MacLeod, ambaye wengi wanamjua kama kocha aliyeipeleka Uskoti Kombe la Dunia 1978 kulekule Argentina.

Mashabiki waliiita timu "Hi-Hi". Wanaoisimulia asili yake wanasema kuna beki alibutua mpira juu mno, umati ukaanza kupaza "juu, juu, juu" kwa Kiingereza, ikabaki. Ichukueni kama simulizi, haina hati.

#6 — Mwana wa Pwani

Mada nzuri. Ila mkuu Mtunza Daftari, mimi nakupinga. Timu ikishuka daraja na kufungwa kila wiki, watu hawaji uwanjani, hela inakatika, klabu inakufa. Hiyo ni hesabu ya kawaida, haihitaji njama. Walishuka wakafa.

#7 — Mtunza Daftari

Ndugu yangu, hesabu yako ingekuwa sahihi kama mpangilio wa miaka ungekuwa huo. Tazama misimu miwili, yote Daraja la Kwanza, timu 18, mechi 34.

1960-61: ushindi 20, sare 2, kupoteza 12. Mabao ya kufunga 100, ya kufungwa 80. Pointi 42, nafasi ya tatu nyuma ya Rangers na Kilmarnock.

1964-65: ushindi 3, sare 1, kupoteza 30. Mabao ya kufunga 22, ya kufungwa 99. Pointi 7, nafasi ya mwisho.

Kutoka kufunga 100 hadi kufungwa 99, misimu minne tu. Timu haizeeki kwa kasi hiyo. Lazima iwe imebomolewa.

Safu ya mbele ya 1960-61 ilikuwa Goodfellow, Hilley, Harley, Gray, McInnes, chini ya meneja George Young, nahodha wa zamani wa Rangers na Uskoti. Angalia walikokwenda. Dave Hilley aliuzwa Newcastle United 1962. Alex Harley, mfungaji mkuu, aliuzwa Manchester City 1962. Matt Gray akamfuata hukohuko Manchester City 1963. Jimmy Goodfellow akaenda Leicester City 1963. Washambuliaji wanne kati ya watano ndani ya mwaka mmoja hivi. Young mwenyewe alijiuzulu 1962, utawala wa klabu ulipobadilika na William Hiddleston kurudi na kushika uenyekiti.

Kuuza mchezaji peke yake si kosa, klabu ndogo zote ziliishi hivyo. Unauza mmoja kwa bei nzuri, unanunua wawili wa bei nafuu na mmoja unamlea. Kinachoonekana kwenye jedwali la Third Lanark ni kwamba upande wa pili wa mzani haukujazwa.

Na la pili: hawakufa waliposhuka. Walishuka 1965, wakacheza misimu miwili Daraja la Pili, na msimu wa mwisho walimaliza wa 11 kati ya timu 20. Timu ya katikati ya msimamo haifi kwa sababu ya msimamo.

#8 — Kipa wa Akiba

Mabao 80 ya kufungwa na bado ukawa wa tatu! Ile ilikuwa timu ya "nifunge nikufunge". Sare mbili tu katika mechi 34.

#9 — Nyundo ya Seremala

Kwa faida ya vijana wanaosoma majedwali haya: enzi hizo timu zikilingana pointi hazikutenganishwa kwa tofauti ya mabao, zilitenganishwa kwa uwiano. Unagawa mabao ya kufunga kwa ya kufungwa. Third Lanark 1960-61 ni 100 ÷ 80 = 1.25. Ya 1964-65 ni 22 ÷ 99 = 0.22.

Msimu huohuo wa 1964-65, walipokuwa wakishika mkia, juu kabisa uwiano huu ndio ulioamua bingwa. Kilmarnock na Hearts walimaliza na pointi 50 kila mmoja. Kilmarnock 62 kwa 33, yaani 1.879. Hearts 90 kwa 49, yaani 1.837. Kombe likaenda Kilmarnock. Kwa mtindo wa leo wa kutoa, Hearts wana +41 na Kilmarnock +29, kombe lingekwenda Edinburgh. Uskoti iliachana na uwiano kuanzia msimu wa 1971-72.

Kosa la kawaida kwenye mablogu ni mtu kuchukua majedwali haya na kuyapanga upya kwa pointi tatu bila kusema. Third Lanark ya 1904 yenye pointi 43 inageuka kuwa na 63, kwa sababu walishinda 20, sare 3, walipoteza 3. Ukikuta 63, ujue imepikwa upya.

#10 — Mwana wa Pwani

Nimekupata Mtunza Daftari, kwenye mpangilio wa miaka nimekosea. Sasa niambie hicho unachokiita vitabu na ardhi. Nani aliiua, kwa njia gani?

#11 — Karani wa Mahakama

Naomba nilichukue hili, kwa sababu watu hulisimulia kwa ghadhabu likapoteza umbo.

Karibu kila klabu ya ligi Uingereza enzi zile ilikuwa kampuni yenye hisa. Jina la timu, usajili wa wachezaji, uwanja na madeni vyote viko ndani ya kampuni hiyo. Kampuni ikishindwa kulipa, mdai anaweza kuomba mahakama iifilisi. Kwa Uskoti, maombi hayo huenda Court of Session, Edinburgh. Mahakama ikikubali inateua mfilisi. Kazi ya mfilisi ni moja: kugeuza mali kuwa fedha na kuwalipa wadai kwa utaratibu wa sheria. Historia, mashabiki, makombe, havimo kwenye orodha yake.

Sasa tazama mali za Third Lanark mwaka 1967. Wachezaji wa Daraja la Pili, thamani yao ndogo. Jukwaa la kukaa, ambalo lilikuwa jipya kwa sababu lilijengwa miaka michache tu kabla, lakini jukwaa halihamishiki. Kinachobaki ni ardhi: eneo kubwa, tambarare, katikati ya mitaa ya watu kusini mwa Glasgow, mwendo mfupi kwa treni kutoka katikati ya jiji. Kwa mjenzi wa nyumba, ardhi ile ilikuwa na thamani kuliko timu. Na hapo ndipo ugonjwa ulipo. Klabu yenye mapato ya watu 325 mlangoni, iliyokalia kiwanja cha thamani, ina thamani kubwa zaidi ikifa kuliko ikiishi. Anayesimamia klabu ya namna hiyo anapaswa kuchungwa sana.

Hakuchungwa. Baada ya klabu kufilisiwa, Wizara ya Biashara ya Uingereza ilifanya uchunguzi wa uendeshaji wake. Hiddleston alifariki Blackpool Novemba 1967, hivyo hakupandishwa kizimbani. Mwaka 1968 wakurugenzi wanne wa zamani walitiwa hatiani chini ya Sheria ya Makampuni ya 1948 kwa kutotunza vitabu sahihi vya hesabu. Adhabu: faini ya pauni 100 kila mmoja.

Zingatieni kosa lenyewe lilivyoandikwa. Hawakuhukumiwa kwa wizi. Walihukumiwa kwa kutotunza vitabu. Na bila vitabu huwezi kuthibitisha fedha za Hilley na Harley zilikwenda wapi, kwa sababu karatasi ya kukuonyesha haipo. Ndiyo maana sheria inalifanya kuwa kosa la peke yake.

#12 — Binti Shaibu

Pauni 100 kwa klabu ya miaka 94. Inauma.

Wachezaji wa miaka ile ya mwisho wamesimulia mengi: maji ya kuoga baridi, vyumba vya kubadilishia nguo visivyo na mwanga wa kutosha, malipo ya kubembeleza. Siyaongezi kwenye ushahidi wa Karani, nayaweka kama kumbukumbu zao. Ila mojawapo linaonyesha uwezo uliokuwa unapotea: kipa Evan Williams alipita Third Lanark katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1970 alikuwa langoni mwa Celtic kwenye fainali ya Kombe la Ulaya. Jicho la kuona kipaji lilikuwepo mpaka mwisho.

#13 — Kipa wa Akiba

Swali: kwa nini ligi haikuwaokoa? Na nafasi yao ilichukuliwa na nani?

#14 — Mtunza Daftari

Ligi haikuwa na chombo cha kuokoa. Mfumo wa leo, ambapo klabu iliyokwama inawekwa chini ya msimamizi, inakatwa pointi na kupewa muda wa kutafuta mnunuzi, haukuwepo 1967. Ilikuwa ama unalipa, ama unafilisiwa. Hata leo mfumo huo hauhakikishi uhai: Gretna waliwekwa chini ya msimamizi Machi 2008 wakiwa Ligi Kuu, na kufikia Juni wameshajiondoa kwenye ligi.

Nafasi haikuchukuliwa na mtu. Daraja la Pili lilibaki na timu 19, namba isiyogawanyika kwa mbili, kwa hiyo kila raundi kulikuwa na timu moja imekaa bila mpinzani. Mechi za msimu zikashuka kutoka 38 hadi 36 kwa kila klabu. Ikaendelea hivyo mpaka 1974, Meadowbank Thistle ya Edinburgh ilipoingizwa. Miaka saba ratiba ya ligi nzima ilitembea na pengo la Third Lanark.

Na wale waanzilishi 11 wa 1890, wasiofahamu: Abercorn, Cambuslang, Celtic, Cowlairs, Dumbarton, Hearts, Rangers, Renton, St Mirren, Third Lanark, Vale of Leven. Waliobaki kwenye ligi hadi 1967 walikuwa sita. Wengine watano walitoka vijiji, vitongoji na miji midogo, na soka la kulipwa, lililoruhusiwa 1893, liliwazidi nguvu, wengine mapema, wengine baadaye. Third Lanark ndio pekee katika waliokufa aliyevuka wimbi hilo na vita mbili akiwa bado kwenye ligi, akaja kuzama maji yakiwa yametulia.

#15 — Fundi Mawe

Mimi nimekuja kwa ajili ya uwanja. Cathkin Park bado upo, na ni mojawapo ya vitu adimu kabisa kwenye soka la Ulaya: uwanja wa ligi kuu uliokufa lakini haujafukiwa. Wajenzi wa nyumba hawakuupata. Halmashauri ya jiji haikutaka pajengwe, pakawa bustani ya umma.

Kilichosalia ni tuta la upande wa mashabiki wa kusimama, limezunguka pande tatu za uwanja. Ngazi za zege zingali zinahesabika, zimeota kuvu na majani, na vyuma vya kuegemea mashabiki vimesimama vilevile kwenye safu zake. Miti imeota katikati ya ngazi na sasa ni mirefu kuliko tuta lenyewe. Upande wa nne, lilipokuwa jukwaa la kukaa, ni nyasi tupu.

Kwa nini tuta limedumu na jukwaa limetoweka? Jukwaa ni mbao, chuma na paa: vinauzwa, vinaoza, vinavunjwa. Tuta ni udongo. Tarehe 5 Aprili 1902, kwenye mechi ya Uskoti na England pale Ibrox, sehemu ya jukwaa la kusimama lililojengwa kwa mbao juu ya nguzo za chuma ilikatika, watu wakaanguka mpaka chini, 25 wakafa. Tangu hapo Uskoti ikaacha majukwaa ya kusimama ya kuning'inia, ikashika matuta: unajaza udongo na majivu ya makaa, unashindilia, unakata ngazi, unaweka kingo. Tuta halina nguzo ya kukatika, na likiachwa halianguki, linaota tu miti.

Wenye kufikiria kuhifadhi viwanja vya zamani wajue adui wa tuta ni mizizi. Mzizi unaingia kwenye kiungo cha kingo mbili, unanenepa, unainua zege, maji ya mvua yanapita chini na kubeba udongo, ngazi inabaki ikiwa na uwazi. Ukikata mti na kuacha kisiki, mzizi unaoza na shimo linakuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo matunzo ni kung'oa miche ikiwa bado midogo. Ile mikubwa inapogolewa tu, haiguswi shinani.

#16 — Mwana wa Pwani

Mtu akiwa Glasgow anafikaje?

#17 — Fundi Mawe

Panda treni Glasgow Central, zile za mzunguko wa Cathcart. Shuka Crosshill ukitaka kuanza na Hampden ya kwanza, au Mount Florida ukitaka kuanza na ya sasa. Zote tatu unazimaliza kwa miguu nusu siku. Cathkin iko katikati, kando ya Cathcart Road. Haina geti la kulipia.

Kama huioni ukiwa barabarani usishangae: miti inaificha. Ukiona bustani ya kawaida, endelea ndani mpaka ardhi ianze kupanda mbele yako. Unapanda mgongo wa tuta. Ukifika juu, uwanja wote uko chini yako kama bakuli. Vaa viatu vya kushika, zege lenye kuvu likinyeshewa linateleza kama sabuni, na Glasgow hunyeshewa. Wakati mzuri ni majira ya baridi, majani yakiwa yamepukutika. Kiangazi vyuma vingi humezwa na kijani.

#18 — Nyundo ya Seremala

Jina nalo lilirudi. Tangu miaka ya 1990 kumekuwa na timu ya ridhaa ya Third Lanark, jezi nyekundu, na Cathkin imechezewa tena chini ya jina hilo. Kisheria si kampuni ileile, ile ilifutwa. Kwenye takwimu msiunganishe: rekodi za ligi zinaishia Boghead, 28 Aprili 1967.

#19 — Karani wa Mahakama

Nakubaliana na Nyundo. Na kwa anayetunza jedwali la makombe: Kombe la Uskoti 2, ligi 1, Daraja la Pili mara 2 (1930-31 na 1934-35), Kombe la Glasgow mara 4, la mwisho 1963 kwa kuifunga Celtic. Angalieni mwaka huo vizuri. Harley na Hilley walishaondoka.

#20 — Mtunza Daftari

Karani, hiyo 1963 nilikuwa nimeisahau kwenye bandiko la kwanza. Narekebisha sasa hivi.